Kupuliza kwa midomo, kupumua kwa tumbo au kukandwa kifua: kipi kinamfaa nani

Mtu akibanwa na pumzi hapa Lamu, kila anayepita barazani ana la kumwambia. Mmoja atasema akandwe kifua kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto. Mwingine ameona kwenye simu namna ya kupumua kwa tumbo. Wa tatu anashikilia kuwa dawa ni kupigwa mgongo mpaka kohozi litoke. Mgonjwa mwenyewe, mabega yamempanda karibu na masikio, anaitikia yote kwa kichwa kwa kuwa hana pumzi ya kuuliza lipi lianze.

Kazi yangu ni fiziotherapia, na niliingia humo kwa sababu ya baba. Alikuwa fundi seremala, mchongaji wa milango. Vumbi la mbao mchana, sigara jioni, miaka nenda miaka rudi. Alishikwa na ule ugonjwa sugu wa mapafu unaoziba njia za hewa, ambao huja polepole mpaka mtu anadhani ni uzee. Nyumbani tulimjaribishia kila tulichoshauriwa, hiki leo na kile kesho, kana kwamba vyote vinatibu kitu kimoja. Sivyo. Kupuliza kwa midomo, kupumua kwa tumbo, kutoa kohozi na kukandwa ni kazi nne mbalimbali, na aliyeshika isiyo yake huchoka bure, au huumia.

Basi kabla ya kulinganisha, muulize mgonjwa wako pumzi inakwama wapi. Je, hewa inaingia lakini haitoki yote, kifua kikabaki kimejaa na bado anatamani kuvuta nyingine? Je, kuna kohozi zito linalonguruma ndani na halitaki kupanda? Au kifua hakilii wala hakina kohozi, ila anapumua haraka haraka na juu juu, vidole vinafanya ganzi na kichwa kinazunguka? Kila jibu lina njia yake.

Na dawa isiachwe. Pumu ni uvimbe ndani ya njia za hewa, na hakuna zoezi wala mkono wa mtu unaotoa uvimbe ule. Uvimbe hutulizwa na dawa ya kuvuta ya kila siku, ile ambayo wengi huiacha kwa sababu haileti nafuu papo hapo. Pampu ya bluu, ile ya kuvutwa mtu anapobanwa, hufungua njia kwa saa chache tu. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu umeacha kushauri watu wazima na vijana kutegemea ya bluu peke yake. Yote nitakayoyasema hapa chini yanakwenda pamoja na dawa; hakuna linaloshika nafasi yake.

Midomo au tumbo

Haya mawili ndiyo watu huyachanganya zaidi.

Kupuliza kwa midomo ni hivi: vuta pumzi kwa pua polepole kwa hesabu ya mbili, kisha kunja midomo kama unayepuliza kahawa ndani ya finjani, utoe hewa kwa hesabu ya nne. Usiisukume. Ukisukuma kwa nguvu kahawa itamwagika, na mapafu hali kadhalika, hujibana. Siri yake ni kwamba mwenye ugonjwa sugu wa mapafu njia zake ndogo za hewa zimelegea, na anapotoa pumzi zinajifunga kabla hewa haijamaliza kutoka. Midomo ikikunjwa, mgandamizo kidogo hurudi ndani na kuziweka njia zile wazi kwa muda mrefu zaidi. Hewa kuukuu ikitoka, mpya inapata nafasi.

Kupumua kwa tumbo ni jambo jingine. Unalala chali au unakaa umeegemea, mkono mmoja kifuani, mwingine juu ya kitovu. Ukivuta, mkono wa tumbo uinuke, wa kifuani utulie. Hapo unakirudisha kazini kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu ambao ndio mwenye kazi ya kupumua, na kuipumzisha misuli ya shingo na mabega ambayo kazi yake ni kusaidia tu. Dakika tano hadi kumi, mara mbili kwa siku, ukiwa huna shida. Zoezi hili halijifunzwi katikati ya shambulio.

Nikiulizwa nichague, nasema hivi. Mwenye pumu ambaye kifua chake kimetulia kwa dawa lakini bado anapumua juu juu, na mwenye hofu inayomharakisha pumzi, waanze na tumbo. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu aanze na midomo. Tena huyu wa pili nampa tahadhari ambayo kwenye simu haisemwi: ugonjwa ukishakomaa, kifua hujaa hewa na kiwambo hushushwa kikawa bapa. Msuli ulio bapa hauna pa kushukia tena. Ukimlazimisha mtu huyo apumue kwa tumbo, anaweza kuchoka zaidi na pumzi ikazidi kukatika. Nimemwona baba akifanya zoezi lile kwa bidii ya mtu anayetaka kupona, mishipa ya shingo imemsimama, na mimi nikimhimiza, "Endelea, baba." Leo ningemwambia aache.

Kilichomsaidia kilikuwa midomo, tena ngazini. Nyumba yetu ni ya ghorofa kama nyingi za mtaa wa Mkomani: ngazi za mawe zilizopakwa chokaa, kumi na tisa, hakuna mbili zenye kimo kimoja. Alikuwa akipanda sita kwa mkupuo mmoja, amezuia pumzi kama mpiga mbizi, kisha anashika ukuta na kutweta. Tulibadilisha mpangilio tu. Vuta umesimama, mguu chini. Kunja midomo, toa, na wakati unatoa ndipo unapanda, ngazi moja au mbili. Simama, vuta tena. Kazi ifanywe wakati hewa inatoka. Ni vivyo hivyo ukiinama kuvaa viatu, ukiinua ndoo, ukinyanyuka kutoka kwenye mkeka.

Pumzi ikikatika ghafla, mkao nao una kazi. Kaa ukingoni mwa baraza, inama mbele kidogo, viwiko juu ya magoti, viganja vilegee. Ukiwa njiani egemea ukuta kwa mikono. Mikono ikipata pa kuegemea, misuli ya mabega inaweza kuinua mbavu badala ya kubeba mikono. Wazee wetu hukaa hivyo bila kufundishwa na mtu, na vijana huwaambia, "Kaa sawa, babu." Mwacheni ainame.

Kohozi: kupigwa mgongo au mpulizo wa mdomo wazi

Hapa swali ni la wale ambao kifua kinanguruma. Wengi niwaonao ni watu waliowahi kuugua kifua kikuu, wakapona kabisa, lakini makovu yakaacha njia za hewa zimetanuka na kujaa kohozi kila asubuhi.

Njia ya zamani ni mgonjwa kulala kifudifudi au ubavu, wakati mwingine kichwa chini, na mtu mwingine kumpigapiga mgongo kwa kiganja kilichokunjwa kama kata ya maji. Sauti iwe ya mvumo, isiwe ya kofi. Inafanya kazi kwa baadhi ya watu, siikatai. Lakini ina masharti mengi. Inahitaji msaidizi kila siku. Kulaza kichwa chini hakumfai mwenye kiungulia, aliyetoka kula, mwenye shinikizo la damu lililo juu wala mwenye moyo dhaifu. Kupigwa hakumfai anayekohoa damu, mwenye mifupa laini, wala aliyevunjika ubavu. Na mwenye pumu, kifua chake kikiwa kimebana, anaweza kubanwa zaidi.

Njia ya pili, ya mpulizo wa mdomo wazi, ilianza kuandikwa New Zealand katika miaka ya 1960, ikakuzwa London, na siku hizi ndiyo ninayoanza nayo karibu kila mara. Mgonjwa anaifanya mwenyewe, amekaa kitini. Kwanza anapumua kwa utulivu, mabega chini, kwa muda wa nusu dakika au zaidi. Kisha anavuta pumzi ndefu tatu au nne, kila moja anaishika hesabu ya mbili au tatu, ili hewa ipite nyuma ya kohozi. Anatulia tena. Halafu anafungua mdomo na koo na kutoa hewa kwa msukumo mmoja, kama mtu anayehemea kioo cha miwani ili akifute. Mara moja au mbili, sio zaidi, kisha anarudi kwenye utulivu. Msukumo mrefu na wa taratibu hupandisha kohozi lililo chini. Mfupi na wa nguvu zaidi hulitoa lililokwisha kufika juu. Likifika kooni, kikohozi kimoja kinatosha. Mzunguko mzima hurudiwa dakika kumi hadi ishirini, kabla ya kula.

Tofauti yake na kukohoa tu ni kubwa. Anayekohoa mfululizo njia zake za hewa hujifunga, anachoka, mbavu zinauma, na kohozi limebaki pale pale. Mama mmoja wa Langoni alikuwa halali kwa kukohoa mpaka alfajiri. Tulikaa naye uani asubuhi tatu. Ya kwanza alicheka na kuona haya kuhema mbele ya mkwe wake. Ya tatu alitema kohozi la kujaza kijiko kwa misukumo minne, akanitazama, akasema kwa Kiamu chake, "Kumbe haliyi kwa nguvu." Haliji kwa nguvu, kweli.

Kunywa maji, na kama una dawa ya kufungua kifua, ivute robo saa kabla ya zoezi.

Kuhusu watoto wachanga nasema bila kupunguza neno. Mtoto wa chini ya miaka miwili mwenye mafua yaliyoshuka kifuani, anayepumua haraka na kukoroma, asipigwepigwe mgongo wala asitikiswe kifua. Utafiti umelipima jambo hili na haukuona faida. Asipakwe kafuri pia, si kifuani wala puani. Kifua kikididimia chini ya mbavu kila anapovuta, au akishindwa kunyonya, ni hospitali, saa hiyo hiyo.

Mikono inaweza nini

Kukandwa ni desturi yetu na ina heshima yake. Mama aliyejifungua anakandwa, baharia aliyetoka safari anakandwa. Kwa mwenye shida ya pumzi, mikono mizuri huilegeza misuli ya shingo, mabega na ya kati ya mbavu iliyokazana kwa kufanya kazi isiyo yake. Maumivu hupungua, hofu hushuka, usingizi unakuja. Hayo ni makubwa, na mimi huyafanya kwa mikono yangu.

Ila mikono haifungui njia za hewa. Tafiti zilizopima ukandaji na unyooshaji wa uti wa mgongo kwa wenye pumu ni chache na ndogo, na hazijaonyesha kuwa mapafu yanafanya kazi vizuri zaidi. Kwa hiyo ninapoweka viganja kwenye mbavu za chini za mgonjwa, nia yangu ni kumfundisha: namwambia asukume mikono yangu kwa pumzi yake, anahisi wapi pamelala, na baada ya siku chache anaweka mikono yake mwenyewe. Mkono wa mtaalamu unaomwacha mgonjwa na zoezi la kufanya nyumbani una thamani kuliko mkono anaoufuata kila wiki.

Mafuta nayo yaangaliwe. Ya nazi peke yake hayana neno. Yakitiwa karafuu, kafuri au mkalitusi, harufu kali inaweza kumwamshia mtu pumu yake, kama uvumba wa ubani na udi unavyofanya katika chumba kilichofungwa. Najua udi kwetu ni adabu ya mgeni. Ukiwa na mgonjwa wa kifua, ufukize uani.

Sasa nieleze kisa kilichonifanya niandike. Baba alipokuwa amezidiwa, tulimwita mtu aliyesifiwa kwa kutoa kohozi. Hakuuliza baba ana ugonjwa gani wala anakunywa nini. Alimlaza kifudifudi, akampiga kwa visigino vya mikono, kisha akamgandamiza mgongo kwa uzito wake wote mpaka tukasikia kitu kimelia. Mtu yule alisema, "Hiyo ndiyo hewa imefunguka." Ulikuwa ubavu umevunjika. Baba alikuwa amemeza vidonge vya prednisolone kwa miaka, na vidonge vile vikitumika muda mrefu hulainisha mifupa. Kwa wiki sita kila pumzi ilikuwa kisu. Mtu mwenye mapafu mabovu akiogopa kuvuta pumzi kwa maumivu, kohozi hulala na kifua huingia maradhi. Ndivyo ilivyokuwa, tukalala hospitali siku tisa.

Kwa hiyo anayekuja kumshika mgonjwa wako, msikilize anaanzaje. Mwenye kazi yake atauliza dawa, ataomba kuona kadi ya hospitali, atauliza kama amewahi kukohoa damu au kuvunjika, atahesabu pumzi kwa dakika, atasikiliza kifua. Mwenye taaluma ya fiziotherapia hapa Kenya anasajiliwa na baraza lililoundwa kwa sheria ya 2014, na kumwomba akuonyeshe cheti si utovu wa adabu.

Buteyko na wenziwe

Vijana huniuliza sana kuhusu njia ya Buteyko. Konstantin Buteyko alikuwa daktari wa Kisovieti aliyeanza kuitunga katika miaka ya 1950. Yeye aliamini wagonjwa wa pumu wanapumua kupita kiasi na kupoteza hewa ya kaboni, basi akawafundisha kupumua kwa pua, kidogo kidogo, na kushika pumzi kwa vipimo. Nadharia yake kuwa hiyo ndiyo asili ya pumu haikuthibitika. Lakini walioifuata katika tafiti walipungukiwa na dalili na hawakuihitaji sana pampu ya bluu, ingawa vipimo vya mapafu vilibaki karibu vile vile. Mimi nachukua humo pua na upole, naacha kushika pumzi kwa muda mrefu, hasa kwa mwenye ugonjwa wa moyo, kifafa au mimba. Wakati wa shambulio, hapana kabisa.

Na je, lazima upande boti na basi kumfuata mwalimu Mombasa? Mwaka 2018 ulitolewa utafiti wa Uingereza wa watu wazima 655 wenye pumu. Baadhi walifundishwa kupumua na mtaalamu ana kwa ana mara tatu, baadhi walipewa DVD na kijitabu wajifunze nyumbani, na wengine waliendelea na matibabu yao ya kawaida. Baada ya mwaka, makundi yote mawili yaliyojifunza yalikuwa na maisha mepesi kuliko la tatu, na aliyejifunzia nyumbani hakuachwa nyuma. Mapafu yenyewe hayakubadilika. Kwa mwenye pumu, basi, mafunzo mazuri ya nyumbani yanatosha. Mwenye kohozi jingi au ugonjwa sugu ni afadhali aonwe angalau mara moja, kwa sababu kwake kosa lina gharama.

Wakati wa kuacha mazoezi yote

Asiyeweza kumaliza sentensi moja kwa pumzi moja, mwenye midomo ya kijivu au bluu, mwenye kifua kilichokuwa kikilia kikanyamaza ghafla naye bado anahangaika, huyo asifundishwe zoezi. Mkalishe ameinama mbele, mpe pampu ya bluu kupitia chupa, mwite mtu wa boti au mkokoteni mkiwa mnaendelea. Kutoka kijiji cha Shela hadi mjini kwa miguu ni kama dakika 40 na mgonjwa hana dakika hizo. Chupa ninayosema ni ya plastiki ya nusu lita, imetobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa pampu na kuzibwa pembeni. Mgonjwa anavuta kwa shingo ya chupa. Wataalamu wa Afrika Kusini waliipima kwa watoto wenye pumu, wakaeleza mwaka 1999 kuwa ilifanya kazi sawa na chombo cha kununuliwa. Itengeneze leo, uitundike karibu na mlango.

Kwa ugonjwa sugu wa mapafu kuna jambo linaloyapita mazoezi yote ya pumzi, nalo ni kutembea na kutia miguu nguvu kwa mpango. Majaribio 65 yaliyokusanywa pamoja mwaka 2015 yalionyesha kuwa mpango wa namna hiyo hupunguza kutweta na humwezesha mtu kufanya zaidi. Kupuliza kwa midomo ni fimbo ya kuendea huko. Tulianza na baba asubuhi kabla ya jua kali, kutoka mlangoni hadi pwani, tunakaa, tunarudi. Siku ambazo kusi ilivuma kwa nguvu tulizunguka ndani ya vichochoro ambako upepo haumkabi mtu usoni.

Kupima maendeleo hakuhitaji mashine. Baba alikuwa akichora mstari ukutani kwa penseli yake ya useremala kando ya ngazi aliyofika bila kusimama, na tarehe pembeni. Mstari wa kwanza upo ngazi ya sita. Wa mwisho, baada ya miezi mitatu, upo ya kumi na nne. Tumeipaka nyumba chokaa mara mbili tangu hapo, na fundi wa rangi tumemwambia upande ule wa ngazi auache.